Sahani ya Mgeni

Siku hizi jiko la kompyuta ndilo linalopima mchele, na likishapima halitoi zaidi mpaka kesho. Kila mlo ukiisha mpishi huliambia kilichobaki, nalo hurekebisha hesabu zake ili likadirie vizuri zaidi.

Mwajabu alizoea kupika na cha mgeni, kama mama yake. Jiko liliona sahani ile inabaki mara nyingi, likaihesabu kuwa kosa, likaipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha.

Jumapili mchana, yeye na mumewe Sefu ndiyo kwanza wamemaliza kula, hodi ikapigwa. Alikuwa shangazi yake Mwajabu, Bi Zuhura, katoka mbali, vumbi miguuni.

"Karibu, shangazi. Ungetuambia mapema."

"Tangu lini nikaomba ruhusa ya kuja kula kwa mwanangu?"

Mwajabu alifunua sufuria, akaifunika. Akamletea chai. Bi Zuhura aliinywa taratibu, akasema hata hivyo hakuwa na njaa, akaaga.

Jioni jiko likauliza kama kuna mgeni aliyekula.

Mwajabu akajibu, "Hakuna."

"Asante," likasema jiko. "Makadirio ya leo yalikuwa sahihi kabisa."