Toka Ukurasa wa Tatu Hadi wa Arobaini

"Riwaya tamu hivi, wewe unaiita uchafu?" mhariri aliuliza, akimrudishia mhakiki karatasi zake za uhakiki. "Mtumwa kampenda bwana wake. Moyo hauchagui, dada."

Mama wa bibi yake mhakiki alizikwa na kovu la pingu kifundoni mwa mkono, na hakuna aliyewahi kuliita bangili.

Alichomoa penseli sikioni, ile aliyoitafuna kichwa siku tatu za kusoma, akaibwaga juu ya kitabu cha riwaya ile.

"Ukurasa wa tatu ananunuliwa. Wa arobaini yuko kitandani kwa huyo bwana. Nipigie mstari pale alipoulizwa kama anataka."

Mhariri alicheka, akaichukua penseli, akafungua kitabu. Alipofika ukurasa wa arobaini alirudi wa tatu, akaanza upya, polepole, penseli ikiwa bado hewani.