Mahali Pasipo na Kitu

Kaka alikita sepetu mchangani, na mchanga ukatoa kichwa.

Alikuwa mjusi. Aliwatazama kidogo, akatimka, akajizika tena hatua tatu mbele.

"Hapa napo pana mwenyewe," kaka alisema.

Dada yake mkubwa alisonya, akakata alama nyingine kwenye ramani. Ilikuwa ya kumi na moja tangu alfajiri.

Baba yao alifariki juzi. Kwa miaka thelathini alitunza kituo cha hali ya hewa ukingoni mwa jangwa: kusoma kipimajoto, kupima mvua isiyonyesha, kutuma taarifa makao makuu. Wosia wake ulikuwa mfupi. Azikwe jangwani, mahali pasipo na kiumbe hai chochote, mnyama wala mmea, asije akamsumbua yeyote. Na mahali hapo wapatafute wanawe wawili, kwa miguu.

Maziko yalikuwa kesho.

"Jangwa lote hili tunakosa futi sita?" dada aliuliza. Alikuwa mfamasia, amezoea kila kitu kiwe kwenye rafu yake. "Si ndiyo maana linaitwa jangwa?"

Kaka, fundi majokofu, alikuwa akipekua daftari la marehemu la viumbe wa jangwani, walilopewa na mama walipoondoka. Mama aliwafungia chakula cha kutwa na kuwaambia wasiwe na haraka. Dada alikereka. Haraka wasiwe nayo vipi, na maiti inasubiri?

Chini ya jiwe tambarare walikuta tandu. Bondeni, matundu ya panya, na nyayo za mbweha aliyewafuata panya. Kwenye mchanga ulio safi kama shuka, ndege wa rangi ya mchanga aliruka kutoka miguuni pa dada, akaacha mayai mawili yaliyofanana na kokoto. Hata kijiti kikavu walichotaka kukitundikia mkoba, daftari lilisema kiko hai: mzizi wake unashuka mita ishirini.

"Mita ishirini," dada alisema. "Baba yako anatuchezea."

"Leo amekuwa baba yangu peke yangu?"

Waliendelea kutembea. Kila likizo baba alikuwa akipiga simu: njooni, wanangu, niwatembeze. Kila likizo alijibiwa: ijayo, baba. Duka la dawa halifungwi ovyo, na majokofu huharibika zaidi wakati wa joto.

Saa tisa alasiri walifika kwenye uwanda mgumu, mweusi, uliopasukapasuka. Hapakuwa na jani wala tundu. Dada alitupa kofia chini.

"Hapa. Chimba."

Kaka alifungua daftari, akalifunga tena.

"Soma," dada alisema.

"Acha tu nichimbe."

"Nimesema soma."

"'Ukoko mweusi,'" kaka alisoma. "'Watu huukanyaga wakidhani ni udongo. Umwagie maji kidogo, kisha usubiri.'"

Dada alifungua chupa akamwaga kwa hasira, maji yakamrukia hadi magotini. Wakachuchumaa. Hawakusubiri sana. Weusi ulianza kufifia, kisha kijani kikajitokeza, kikaenea polepole hadi pale maji yalipoishia.

Dada aliketi chini akalia. Alisema ni hasira.

Njiani kurudi waligombana juu ya mdudu mmoja mwenye madoa meupe mgongoni, kama yumo daftarini au hayumo. Walipekua kurasa zote. Hakuwemo. Dada alimpokonya kaka kalamu, akamwandika mwenyewe.

Jua lilikuwa likizama walipofika nyumbani. Mama alikuwa jikoni, anapanguza vikombe vya wageni wa kesho. Dada hakungoja hata kuvua viatu.

"Mama, hapapo. Tumezunguka kutwa nzima, miguu imetoka malengelenge. Kila tunapotaka kuchimba pana kitu."

"Ndege anayetaga chini mmemwona?"

"Tumemwona. Nilibakiza kidogo nimkanyagie mayai."

"Na vile viua vya zambarau, ambavyo mpaka uchuchumae ndiyo uvione?"

"Viko kila mahali, mama," kaka alisema. "Tumehesabu viumbe sitini na vinne, kisha tukachoka kuhesabu."

Mama alilipokea daftari, akalifungua ukurasa wa mwisho, akatazama mwandiko wa binti yake kwa muda. Kisha akalifuta vumbi kwa kitambaa kilekile cha vikombe.

"Mama, hunisikii?" Sauti ya dada ilikuwa imekauka. "Watu wanakuja kesho asubuhi. Tunamzika wapi?"

"Pembeni ya mama yake, makaburini," mama alisema, akachukua kikombe kingine. "Alipachagua mwenyewe mwaka jana. Wachimbaji wamemaliza tangu saa nne asubuhi."