Samaki Thelathini na Mmoja wa Olumbi

Samaki thelathini na mmoja hawakuonekana. Dotora Zuleica, mtaalamu wa samaki, alihesabu chupa mara mbili, akahesabu na rekodi kwenye kompyuta, na mara zote mbili rekodi zilizidi.

Alikuwa ametoka Maputo kwa siku moja tu, kuhakiki samaki wa kina kirefu waliohifadhiwa kwenye chumba kidogo cha makumbusho pale Palma. Rekodi isiyo na samaki ilipaswa kufutwa. Mtunzaji alikuwa mmoja, mzee Hamido, ambaye miaka yote alipima na kuandika: spishi, jinsia, urefu, mahali, kina.

"Mjomba, hawa uliwapata wapi?" Zuleica alimgeuzia kioo cha kompyuta. "Spishi haijatambulika, haijatambulika, haijatambulika. Mahali, Olumbi. Ramani inanipeleka nchi kavu, kwenye mihogo! Na kina, mita moja. Kwenye mita moja si hata mtoto anasimama?"

Hamido alitazama chupa. Samaki wenye macho makubwa nao wakamtazama.

"Niliandika kwa haraka, mwanangu."

"Tarehe zote ni za siku mbili, mwaka ule watu walipokimbia vita. Nani alikuwa na akili ya kuvua siku hizo?"

Mzee aliishika chupa moja, akaifuta vumbi. Zuleica alimwonea huruma. Vituo vidogo hufungwa kwa kukosa vielelezo, na mtu anayeogopa kufungiwa anaweza kuongeza idadi. Jambo moja tu halikumwingia akilini: mashine ilionyesha kuwa rekodi hizo zilifunguliwa kila Ijumaa asubuhi, tangu mwaka ule, bila kubadilishwa neno.

"Unazifungulia nini?"

"Nazisoma tu," alisema Hamido, kwa sauti ya chini mno.

"Nitazifuta, mjomba. Zikibaki hizi, hata zile za kweli hakuna atakayeziamini."

"Usizifute, dotora. Vitabu vingine vyote vya wilaya viliungua. Hiki cha samaki ndicho kilichobaki, kwa kuwa nakala yake iko Maputo."

"Basi ndiyo maana kisichafuliwe."

Akaanza. Kila rekodi mashine ilimuuliza kama ana hakika, naye akabonyeza ndiyo. Hamido alisimama nyuma yake, midomo ikicheza bila sauti. Chumba kilinuka dawa ya kuhifadhia samaki. Ghafla Zuleica akahisi watu wengi wamejaa mlangoni wakimsubiri amalize. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Aliona haya kwa woga wake, akaongeza kasi.

Ilipobaki moja, mkono wa mzee ukashuka juu ya wake.

"Hiyo niachie, mwanangu. Hiyo moja tu."

Machozi yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ndevu. Kidole chake kikagusa kioo, na rekodi ikafunguka yote, hadi kwenye safu ya maelezo, ambayo Zuleica hakuwa ameisoma kwa hata moja ya zile thelathini.

Jinsia: jike. Umri: mchanga. Urefu: sentimita 94. Alama: shanga nyekundu kiunoni.