Kicheko cha Shangazi

Ilibaki wiki moja tu maonyesho ya mwaka wa mwisho yafunguliwe, na binti mmoja wa chuo cha sanaa alikuwa ameshamaliza sanamu yake. Ilikuwa kichwa cha udongo cha shangazi aliyemlea, midomo imefumbwa, uso umetulia kama wa malkia. Mhadhiri alishaipitisha.

Shangazi akaja karakana kujionea. Akaizunguka taratibu, mkoba kwapani.

"Mwanangu, mbona umenifanya kama nimefiwa?"

Akaangua kicheko cha kutoka tumboni. Papo hapo mkono ukaruka kuziba mdomo, kuficha pengo la meno ya mbele. Macho yakazama kwenye mikunjo, na shavu moja likapanda kuliko jingine.

Binti akamkodolea macho. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akimfinyanga mtu mwingine!

Akachukua waya wa kukatia udongo, akaukaza kwa mikono miwili, akaushusha kwenye sanamu kutoka puani hadi kidevuni. Midomo ya malkia ikaanguka sakafuni.

"Wewe! Umerukwa na akili? Si maonyesho ni wiki ijayo?"

"Wiki inanitosha, shangazi." Alishaanza kukanda bonge jipya. "Kaa hapo penye mwanga unichekee tena. Ila safari hii usizibe."

Shangazi akakaa. Mkono ukabaki mdomoni kitambo, kisha akaushusha mapajani.