Mkia wa R

Placide alijaribu tena kuandika vibaya, akashindwa. Alibana burashi, akakaza kiwiko, akataka herufi zisimame wima kama za vitabu vya misheni. Zikalala vilevile, zenye maringo yao, na R ikatupa mkia wake kulia kama kawaida.

Ndivyo alivyoandika vibao vya maduka, vya baa na vya mafundi cherehani, hata ubavuni mwa malori, kutoka Kasongo mpaka Kabambare. Asiyejua kusoma naye aliitambua kazi yake. Na leo ukuta wa ofisi ya serikali ulikuwa umeamka na neno UHURU, jekundu, kwa mwandiko huohuo. Polisi walikwisha kumwambia: kesho asubuhi ataliandika neno hilo mbele ya Bwana Mkubwa, mzungu aliyetawala wilaya. Likifanana, atapelekwa gereza la mbali, na waliopelekwa huko walikuwa hawarudi.

"Haiko miye niliandika," alimwambia mkewe, Léocadie.

"Najua, Baba Cécilia."

Léocadie hakuinua macho. Alikuwa anakaanga makemba, zile ndizi kubwa za kupika. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kupitisha rangi ya pili juu ya herufi za mumewe, zikishakauka.

Aliinua sufuria ampakulie, ikampinduka mikononi. Mawese yaliyokuwa yakichemka yakamwagikia mkono wa kulia wa Placide, naye akalia kama mtoto. Mwanamke ambaye tangu aolewe hajamwaga hata tone, akachagua siku hii.

"Umeniua," alisema alipopata pumzi. "Sasa watasema nimejichoma makusudi, juu nisiandike."

Léocadie alimfunga kitambaa.

Asubuhi alikwenda ofisini. Bwana Mkubwa akaamuru kitambaa kifunguliwe. Vidole vilikuwa vimevimba na kujaa malengelenge, havikunjiki. Mzungu aliviangalia kwa muda, kisha akamwongoza Placide mpaka nyuma ya ofisi.

Kulikuwa na UHURU nyingine, kubwa kuliko ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa alfajiri hiyo. Mkia wa R ulikuwa bado mbichi, unachuruzika.

"Mkono huu haukuandika hii," alisema Bwana Mkubwa, uso umemwiva kwa hasira. "Toka mbele yangu."

Placide alirudi nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia. Njia nzima alimshukuru Mungu, na njia nzima alimlaani huyo mtu aliyemwibia mwandiko wake na kutaka kumtia kitanzini.

Nyuma ya nyumba alimkuta Léocadie amechutama, anasugua burashi kwa mafuta ya taa. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

"Baba Cécilia," aliuliza taratibu, "mukia ya R ilitoka muzuri?"