Salamu za Takaba

Kadar, mwendesha redio kol wa Garissa, ile redio ya watu kuongea na jamaa wa mbali, alidharau watu wengi, lakini wa kwao Takaba ndio waliomchefua hasa. Neno la maana hulisikii mpaka waulizie ngamia, mvua na watoto. Wakianza tu salamu, "Nabad, walaal?" yaani amani, ndugu?, yeye huhamia masafa mengine.

Mashine mpya ilipofungwa kwenye redio, fundi alimweleza: "Itakuangalia unavyohama masafa. Ikishajifunza, itahama yenyewe."

"Chuma kijifunze kwangu?" Kadar alitema makapi ya miraa. "Haya, kisome."

Kikasoma.

Siku mashine ilipoachiwa kazi, ikaingia sauti ya dada yake, aliyekuwa akimuuguza mama yao huko Takaba. Alikuwa analia. Kadar akaacha kutafuna.

"Nabad, walaal? Ngamia wazima? Mvua..."

Mashine ikahama. Chumbani ikajaa sauti ya bwana mmoja wa mji wa Diff, aliyetafuta lori la mbuzi.

Dada akapiga tena.

"Wacha salamu, sema!" Kadar alifoka, mate yakirukia kipaza sauti.

Hakuna aliyewahi kumkosea dada adabu namna hiyo. Dada akavuta kamasi, akatulia, akaanza upya, polepole, jinsi mama alivyomfunza.

"Nabad, walaal?"