Kila Jumamosi kwa Baba

Mlango ulikuwa wazi, nikamwona baba kabla hajaniona. Alikuwa anafungua kwenye kompyuta yake kuukuu video moja, ya pili, ya tatu, muziki, picha, bila kutazama hata moja wala kuifunga. Kidole chake kilibonyeza taratibu, kama cha mtu anayehesabu dawa zake. Kisha akafungua mchezo niliomtengenezea. Ukakwama.

Miezi minne! Kila Jumamosi nilikuja kuupunguza mchezo ule ili mashine yake iuweze. Nilianza kwa kutoa matone ya mvua. Nikatoa moshi wa jikoni, vivuli, majani yaliyopeperuka uani. Nyumba yetu ya zamani, niliyoichora humo kwa miaka miwili, ikabaki kavu kama boksi la viatu.

Nikakohoa. Akashtuka, akazificha video zake harakaharaka.

“Afadhali umekuja, mwanangu. Mchezo umekwama tena.”

“Sana?”

“Sana. Hata kusogea hausogei.”

Nikavuta kiti. Kwenye skrini kilibaki kitu kimoja tu chenye uhai: marehemu mama, amesimama mlangoni, upindo wa gauni lake ukipepea kwa kusitasita.

“Basi leo tumtoe huyu,” nikasema.

Kidole cha baba kikaganda juu ya kipanya.